Nani Anaandika Saa ya Kutoka?

Hotuba niliyoitoa Upanga, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa madaktari watarajali, yaani waliomaliza chuo na wako kazini kwa mafunzo kabla ya usajili wa kudumu, na wakuu wao wa kazi. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa zamu siku ile wakashindwa kufika. Majedwali ya ukutani nimeyaacha.

Mwenyekiti, waganga wafawidhi, wakuu wa idara, madaktari bingwa, rejesta, watarajali, wauguzi wenzangu, na wazazi mliokuja kusikia watoto wenu wanafanyiwa nini huko kazini: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Ambao sijawagusa, habari za asubuhi.

Waandaaji walipotafuta mtu wa kuzungumzia saa za kazi za madaktari wadogo wakaja kwa muuguzi mstaafu, kuna waliouliza: kwani madaktari wameisha? Hawajaisha. Wako kazini. Ndiyo maana nimepatikana mimi.

Kabla sijaendelea, naomba mikono. Waliokesha kazini usiku wa kuamkia leo, nyoosheni. Haya, shusheni. Nimeona, na waganga wafawidhi nao wameona.

Mimi nimeingia wodini nikiwa msichana, nimetoka nikiwa bibi, na muda wote huo nimefanya kazi kwa zamu. Asubuhi, jioni, usiku. Nikiingia namkuta mwenzangu ananisubiri na daftari la ripoti. Tunapita kitanda kwa kitanda: huyu dripu yake inaisha saa 4, huyu hajakojoa tangu jioni, huyu ndugu zake wameambiwa watafute damu. Akimaliza, anachukua mkoba wake anakwenda zake. Amechoka, ndiyo. Uuguzi haujawahi kuwa lelemama. Lakini zamu yake ina mwisho, na mwisho huo umebandikwa ukutani.

Sasa mtazameni daktari mtarajali wa wodi hiyo hiyo. Jumatatu saa 1:30 asubuhi yuko kwenye ripoti ya asubuhi. Kisha raundi. Baada ya raundi zinakuja kazi za raundi: kutoa damu, kufukuzia majibu maabara, kujaza fomu za eksirei, kumbembeleza mtu wa altrasaundi. Mchana kliniki. Saa 9:30 alasiri watumishi wenzake wa serikali wanafunga ofisi. Yeye ndiyo kwanza anaanza zamu ya kuitwa. Usiku mzima ni wake: wagonjwa wapya kutoka mapokezi, wa zamani waliobadilika ghafla, aliyefariki anayehitaji kuandikiwa, na ndugu wa aliyefariki wanaohitaji mtu wa kuzungumza nao. Jumanne saa 1:30 asubuhi yuko tena kwenye ripoti. Safari hii ndiye anayeisoma, amesimama mbele, anaulizwa kwa nini hakuomba kipimo fulani saa 9 usiku. Halafu raundi. Akibahatika, saa 10 jioni ya Jumanne anatoka getini.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kuanzia saa 1:30 asubuhi Jumatatu hadi saa 10 jioni Jumanne ni saa ngapi? Saa 32 na nusu. Na Jumatano saa 1:30 asubuhi yuko wapi? Kwenye ripoti.

Wodi ni moja. Mgonjwa ni mmoja. Kwa nini muuguzi wake ana zamu, na daktari wake ana siku isiyokwisha?

Niwasimulie la wodi ya watoto. Hospitali siitaji, na daktari mwenyewe simtaji, maana siku hizi ni bingwa na ana kitambi cha heshima. Ilikuwa alfajiri, inakaribia saa 11. Mtoto wa kilo 8, homa kali, tunahofia maambukizi kwenye damu. Mtarajali akaandika gentamisini. Dozi tunaijua: miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Kwa mtoto yule ni miligramu 60. Kwenye faili paliandikwa 600. Na ule ukurasa ulijieleza wenyewe. Mistari ya juu ilikuwa imenyooka, mwandiko wa mtu aliyefundishwa vizuri. Ya katikati ilikuwa imeanza kulala. Wa mwisho uliteremka mpaka ukingoni mwa karatasi, na kalamu ikaacha mkia mrefu wa wino pale kichwa kilipoinama. Nikamfuata na faili mkononi. Nikamwuliza, "Daktari, hii sifuri ya mwisho ni yako au ya usingizi?" Akaitazama kwa muda. Akaikata, akaandika upya, akatia sahihi. "Ahsante, Sista." Mtoto alipona, akarudi Buguruni mgongoni kwa mama yake.

Nani alimwokoa mtoto yule? Msiseme ni mimi. Yule kijana alikuwa ananizidi elimu kwa mbali. Nilichomzidi ni kitu kimoja tu: mimi nilikuwa nimelala mchana kutwa, kwa sababu rota, ile ratiba ya zamu, ilijua kwamba usiku ule nitakuwa kazini.

Haya hayahitaji hisia za mama mzee, yamepimwa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwakesha watu na kuwapima. Baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wao ulishuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Baada ya saa 24, ulikaribia wa mwenye asilimia 0.10. Hapa kwetu trafiki anamshusha dereva kwa 0.08. Mwaka 2004 huko Boston, Marekani, walilinganisha ratiba mbili za watarajali katika wodi za wagonjwa mahututi, ile ya kukesha zaidi ya saa 24 na ile iliyofupishwa. Kwenye ratiba ya kukesha, makosa makubwa yalikuwa zaidi kwa asilimia 36. Mwaka uliofuata wakawatazama watarajali wanavyoendesha magari kurudi nyumbani: baada ya zamu hizo ndefu, uwezekano wa kupata ajali uliongezeka zaidi ya maradufu.

Basi la kwenda Mwanza linatoka Stendi ya Magufuli likiwa na madereva wawili, kwa sababu safari ikizidi saa 8 dereva mmoja hatoshi. Abiria wote mnalijua hilo, na dereva wa pili asipoonekana mnapiga kelele. Je, aliyelala mezani kwa upasuaji saa 10 alfajiri, yeye nauli hajalipa?

Wakubwa wangu wa kazi, najua mnachosema moyoni, maana mmeshaniambia mara nyingi: "Sista, sisi wote tulipita humo humo, na ndiko tulikotokea tukawa madaktari." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini hebu tuulizane: utaratibu huu uliletwa na nani? Mizizi yake tunaijua. Iko Baltimore, Marekani, katika hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa mwaka 1889, kwa mpasuaji aliyeitwa William Halsted. Ndiye aliyejenga mtindo wa daktari kijana kuishi hospitalini kwa miaka, usiku na mchana, mpaka mkubwa wake aridhike. Alikuwa fundi wa kweli, simwondolei sifa. Hata glavu za mpira tunazovaa kwenye upasuaji zina mkono wake: aliagiza zitengenezwe kwa ajili ya muuguzi wake, ambaye mikono ilikuwa inababuka kwa dawa. Baadaye akamwoa. Wauguzi wenzangu, hapo mnaweza kupiga makofi.

Ila kuna upande wa pili. Mwaka 1884 Halsted alianza kujifanyia majaribio ya kokeni kama dawa ya ganzi, ikamnasa. Alipojaribu kuitoroka, ikamnasa mofini. Sisemi rota ya hospitali zetu imetokana na kokeni. Nasema aliyeweka kipimo hakuwa mwenye mwili wa kawaida, na sisi tumekichukua kipimo kile bila kuuliza.

Karibu miaka mia moja baada ya hapo, huko huko Marekani, mtu aliuliza. Machi 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifikishwa hospitali moja ya New York usiku akiwa na homa na mwili unamrukaruka. Walioshika wodi ni madaktari wawili walio mafunzoni, na wa mwaka wa kwanza alikuwa na wagonjwa wengine chungu nzima. Binti alikuwa anatumia dawa ya sonona, akapewa pethidini, dawa mbili ambazo hazipatani. Asubuhi alikuwa amefariki. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwanahabari na mwanasheria, na hakukubali kuambiwa ni bahati mbaya. Kesi ilichukua miaka, na hadi leo wapo wanaobishana kama tatizo lilikuwa uchovu au usimamizi. Mimi naona yalikuwa yote mawili. Aliye peke yake saa 9 usiku hana wa kumwuliza, na aliyechoka hakumbuki kuuliza. Lakini baba yule alipata kitu. Mwaka 1989 jimbo la New York liliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki na saa 24 mfululizo. Mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kikawa cha nchi nzima. Ulaya wao wameshuka hadi saa 48 kwa wiki, na tangu mwaka 2009 zinawahusu madaktari wadogo pia.

Sasa naomba tusidanganyane. Baada ya kupunguza saa, Wamarekani walipima tena, na yapo majaribio makubwa yaliyokuta kwamba wagonjwa hawakunufaika kama ilivyotarajiwa. Wakubwa wanaupenda sana utafiti huo. Wananiletea umekunjwa mfukoni. Nami huwajibu: mmepunguza saa, je, mmefundisha kukabidhiana? Ukimtoa daktari mmoja saa 2 usiku ukamwingiza mwingine ambaye hajui kitanda namba 7 ana nini, umeondoa usingizi ukaleta ujinga. Na hilo nalo limepimwa. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya hospitali 9 zilizowafundisha madaktari wa watoto kukabidhiana wagonjwa kwa mpangilio mmoja, kwa mdomo na kwa maandishi. Makosa yakapungua kwa asilimia 23. Hawakuajiri mtu, hawakununua mashine.

Jamani, hicho kitu wauguzi tunacho! Kiko kwenye daftari la ripoti, kila wodi, kila siku, asubuhi na jioni. Madaktari mnapita mbele yake mkielekea kwenye sinki. Nimeshuhudia makabidhiano ya madaktari yakifanyika kwenye ngazi, mmoja anapanda, mwingine anashuka: "Kuna mama mmoja pale mwisho mwangalie, presha." Mama yupi? Mwisho upi? Presha imepanda au imeshuka?

Nije kwenye sheria, nisikawie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Hata ukiongeza saa za ziada, mtu asivuke saa 12 kwa siku. Kati ya kutoka na kuingia tena apumzike saa 12 mfululizo, na kila wiki apate mapumziko ya saa 24. Kazi ya usiku ina nyongeza yake, isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kipo pia kifungu cha dharura kinacholegeza baadhi ya mipaka hii, na najua mwanasheria wa hospitali atakimbilia hapo. Dharura tunaijua. Jengo la Kariakoo lililoporomoka Novemba 2024 ilikuwa dharura, na siku ile hakuna daktari aliyeuliza saa. Lakini dharura haipangwi kwenye rota mwezi mmoja kabla!

Hoja nyingine ninayoisikia ni kwamba mtarajali si mwajiriwa, yuko mafunzoni. Sawa. Basi akikosea, mwiteni mwanafunzi. Hapana: akikosea anaitwa daktari, anaandika maelezo kama daktari, jina lake liko Baraza la Madaktari Tanganyika kwa usajili wa muda kama daktari. Siku ya posho ni mwanafunzi, siku ya lawama ni daktari.

Na hapa nifike kwenye jambo lililonitoa nyumbani leo. Katika hospitali moja niliyofanya kazi kulikuwa na daftari la mahudhurio, lile kubwa lenye jalada gumu. Jina, saa ya kuingia, sahihi, saa ya kutoka, sahihi. Mtarajali akifika asubuhi anaandika 1:30, anatia sahihi. Hapo hapo, kalamu haijainuka, anaandika 9:30, anatia sahihi nyingine. Ametoka kabla hajaingia. Wengine hujaza wiki nzima siku ya Ijumaa, rangi moja ya wino kutoka juu mpaka chini. Nilimwuliza binti mmoja, "Mwanangu, jana si uliondoka saa 2 usiku?" Akasema, "Sista, nikiandika saa 2 usiku nitaulizwa kwa nini nachelewa kumaliza kazi."

Mnasikia? Aliogopa kuonekana mzembe kwa kufanya kazi saa 12 na nusu.

Sasa mkaguzi akija akafungua daftari lile, anaona nini? Anaona hospitali ambayo hakuna anayefanya kazi zaidi ya saa 8. Wizara ikipanga ikama, yaani idadi ya watumishi wa kila hospitali, inapanga kwa kitu gani? Kwa karatasi. Na karatasi inasema madaktari wanatosha na wanawahi nyumbani. Tunalia kwamba serikali haituoni, na huku kila asubuhi tunatia sahihi kuithibitishia kwamba hakuna cha kuona. Hata hospitali zenye mashine ya alama za vidole, mara nyingi kidole kinawekwa asubuhi kwa ukali, na jioni hakuna anayejali.

Watarajali, siwaambii mjifanye mashujaa peke yenu. Anayesaini kitabu chako cha mafunzo ndiye anayekupangia zamu, na bila sahihi yake usajili wa kudumu hupati. Ukimya wenu naufahamu. Ndiyo maana ombi hili nalipeleka juu: mganga mfawidhi ndiye atoe agizo, kwa barua, kwamba saa ya kutoka iandikwe ya kweli na asiulizwe mtu kwa kuiandika. Na wauguzi viongozi wa wodi, nyie mnamwona daktari anapotoka. Liandikeni kwenye ripoti yenu: daktari wa zamu ameondoka saa fulani. Mstari mmoja tu.

Mazingira ya kazi nitayagusa kwa mambo mawili, ingawa yako ishirini.

La kwanza ni chumba cha kupumzikia. Ninachokifahamu mimi kina vitanda viwili vya chuma, godoro moja limechanika ubavuni, neti imefungwa fundo juu kwa sababu chini imetoboka, na boksi za fomu za zamani zimepangwa mpaka dirishani. Wanaume na wanawake humo humo, komeo halifungi. Binti akitaka kujinyoosha nusu saa analaza kichwa kwenye kaunta ya wodi, ambako angalau wauguzi wanamwona. Mnadhani anadeka? Agosti 2024, Kolkata, India, daktari wa kike wa miaka 31 aliyekuwa akisomea ubingwa katika hospitali ya R. G. Kar alikwenda kujipumzisha kwenye ukumbi wa semina wakati wa zamu yake. Alibakwa na kuuawa humo humo, ndani ya hospitali. Madaktari wa India waliingia barabarani nchi nzima. Waganga wafawidhi, komeo la mlango halihitaji kibali cha Wizara. Tafadhali, wiki hii.

Na kwa anayesema daktari akilala pale hospitalini si yuko mapumzikoni: Mahakama ya Ulaya iliulizwa swali hilo, mwaka 2000 kuhusu madaktari wa Hispania na mwaka 2003 kuhusu daktari wa mji wa Kiel, Ujerumani. Ikajibu kwamba ukitakiwa kuwepo hospitalini, hizo ni saa za kazi, hata ukiwa umesinzia. Sisi hatufungwi na mahakama ile, lakini tunaweza kuazima akili.

La pili ni safari. Posho ya mtarajali haikodi chumba Upanga. Anakaa Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Tegeta, halafu inapochelewa ndiyo anakopa hata nauli. Mvua ikinyesha Jangwani pakajaa maji, mwendokasi inasimama, naye anapanda bodaboda baada ya kukesha. Nina kijana mmoja alipanda mwendokasi pale Fire, anakwenda Manzese. Alishtuliwa na dereva Kimara mwisho wa gari. Akapanda la kurudi, akakaa kitini, akasema safari hii sifumbi macho. Alipoyafumbua alikuwa Kivukoni, anatazama bahari. Mnacheka, na yeye alicheka aliponisimulia. Angekuwa na pikipiki yake mwenyewe tusingecheka.

Sasa ile hoja kubwa: "Mama, yote hayo sawa, lakini madaktari ni wachache." Wachache wapi? Mnakumbuka mwaka 2017? Madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma siku 100. Machi mwaka ule Rais Magufuli akakubali kuwapelekea Wakenya madaktari 500 kutoka kwetu. Watanzania wakaomba, wakachujwa, wakapatikana 258 wenye sifa. Kenya mambo yakaishia mahakamani, safari ikafa. Mwezi wa nne Rais akaagiza wote 258 waajiriwe hapa hapa nyumbani, na walikuwa wamesoma, wana vyeti, wanasubiri. Mpaka tangazo la Kenya lilipotoka, walikuwa wapi? Walikuwa nyumbani kwenu, wazazi. Walikuwa wanauza vifurushi vya simu na kufundisha tuisheni ya baiolojia. Na leo hii, katika ukumbi huu, kila mtu ana jirani mwenye shahada ya udaktari anayesubiri ajira, na ana jirani mwingine daktari ambaye hajalala tangu juzi. Upungufu wa madaktari wodini tunao. Upungufu wa madaktari mtaani hatuna. Kinachopungua ni ikama, kibali na fedha, na vyote vitatu vinaombwa kwa takwimu za saa ambazo hatuziandiki. Hospitali zenye mapato ya ndani zinaweza kuchukua watu kwa mikataba hata sasa. Zipo zinazofanya hivyo.

Kuhusu mgomo nitasema machache, maana wapo hapa waliokuwepo mwaka 2012. Sakata lile lilianza Januari na posho za watarajali wa Muhimbili. Kufikia Juni, Dk. Steven Ulimboka aliyekuwa akiongoza madaktari alitekwa, akapigwa vibaya na kutupwa Mabwepande. Wagonjwa waliokosa huduma miezi ile hawakuhesabiwa na mtu. Wenzetu wa Kenya walirudia mwaka 2024, siku 56, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa malipo ya watarajali. Mimi sitaki turudi kule. Lakini anayetaka kijana anyamaze lazima amwonyeshe mlango mwingine wa kusemea. Kumwambia "vumilia" si mlango.

Nimalizie na kikaratasi kilichopenyezwa hapa mezani wakati naongea. Kimeandikwa na mganga mfawidhi mmoja, na namshukuru kwa sababu ni swali la mtu anayetaka kufanya: "Sista, sina watu wa kuongeza. Naweza kuanza na idara moja? Kwa vipi?"

Unaweza. Anza na uzazi, maana leba usiku hailali. Tuseme una watarajali 8. Sasa hivi wote 8 wanakuja mchana, halafu wawili kati yao wanaunganisha usiku. Wapange hivi: wawili washike usiku wa Jumatatu hadi Alhamisi, wawili wengine Ijumaa hadi Jumapili, waingie saa 2 usiku watoke saa 2 asubuhi, na mchana wake walale kwao. Kila siku wawili wa mchana wabaki mpaka saa 2 usiku kuwapokea wenzao. Mchana utabaki na watu 6, siku nyingine 4. Raundi itakuwa nzito, sifichi; mabingwa itabidi watoe damu kwa mikono yao, na baadhi yao itabidi wakumbushwe chupa zinakaa wapi. Makabidhiano yafanyike kitandani, saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, daktari na muuguzi pamoja, kwa daftari moja. Bingwa wa zamu apigiwe simu bila mtarajali kuogopa kufokewa. Saa za kutoka ziandikwe za kweli. Fanya miezi mitatu, kisha njoo na daftari hilo hapa hapa Upanga, matokeo yakiwa mazuri au mabaya, tulisome wote. Namba yangu mwenyekiti anayo, na mimi usiku nalala, kwa hiyo piga mchana.

Ahsanteni sana.